Kiatu cha Kushoto

Lori lilisimama.

Naam, wasomaji wangu, lilisimama. Wiki nzima nimeandikiwa barua za matusi. Mmoja wa kule Njiru ameniuliza mimi ni mtu wa aina gani, kumwacha msichana wa miaka kumi na sita kwenye barabara ya Outer Ring huku lori la unga likimjia. Basi pumueni. Dereva alikanyaga breki mpaka magunia mawili yakaporomoka nyuma, na bampa ikasimama hatua mbili kutoka kichwani kwa Vivian Wasike.

Lakini Vivian hakuinuka.

Alilala ukingoni mwa mtaro, mguu wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cha magurudumu, mawili mbele na mawili nyuma, na yote manne yalikuwa bado yanazunguka. Mguu wa kushoto ulikuwa na soksi tupu.

"Vivian! Vivi!"

Huyo aliyepiga kelele ni Ndinda Mulwa, binti wa Kaloleni. Ana miaka kumi na minane, na kila Jumamosi hupanda Donholm kuwafundisha vijana wa huko kuteleza barabarani. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama chini ya mteremko, mikono wazi, tayari kumdaka mwanafunzi wake. Vivian alimpita ubavuni akienda upande upande, macho yamemtoka. Na viatu alivyovaa vilikuwa vya Ndinda mwenyewe.

Umati ulijaa kabla vumbi halijatulia. Donholm kumbe ina watu wengi hivyo Jumamosi asubuhi!

"Gurudumu! Gurudumu hili hapa!" Kageha, mama muuza ndizi, aliliokota kando ya mtaro na kuliinua juu watu walione. "Limetoka! Mtoto ameuawa na gurudumu!"

"Hajafa, mama, anapumua."

"Nani aliweka hili gurudumu?"

"Mimi," sauti ikajibu.

Mjinga huyu! Mara nyingine namkasirikia mtu niliyemuumba mwenyewe. Alikuwa Ndolo, fundi wa baiskeli wa Kaloleni, akijipenyeza katikati ya watu ili amsaidie majeruhi. Wangapi kati yetu wangefunga mdomo? Yeye akasema ukweli bila hata kufikiri.

"Niliweka jana. Nikakaza nati zote nane kwa spana. Siwezi kukosea kitu kama hicho."

"Na hili lilitokaje?"

Aliyeuliza alikuwa amefika na malapa miguuni, shavu moja limenyolewa na la pili bado lina povu la sabuni. Ni Bwana Wasike, baba yake Vivian, msimamizi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Alimtazama bintiye pale chini. Kisha akamkamata Ndolo kwa kola.

"Mpigeni!" mtu akasema nyuma.

"Hapana!" Wasike aligeuka kwa ukali. "Hakuna mtu atamgusa. Huyu anaenda polisi. Mtoto wangu akikatwa mguu, nataka huyu aozee ndani, na aozee kwa sheria."

Vijana wanne wakamshika Ndolo mikono. Alipopitishwa mbele ya Ndinda, aliinamisha kichwa akamwambia haraka haraka:

"Tafuta kiatu cha kushoto. Kama nati bado iko, gurudumu halikutoka lenyewe. Lilipasuka likigonga mtaro. Tafuta kiatu, Ndinda!"

Ndinda akageuka. Akatazama ndani ya mtaro, chini ya lori, katikati ya miguu ya watu.

Kiatu cha kushoto hakikuwapo.

*

Saa nane mchana Ndinda alikuwa kwenye korido ya hospitali, ametafuta Donholm nzima bila mafanikio. Mlangoni mwa wadi alisimama Mama Lenah, mamake Vivian, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama Vivian."

Mama Lenah hakuitikia. "Wamemfunga plasta mpaka kwenye nyonga. Daktari anasema tungoje kuona kama vidole vitapata hisia." Akapisha njia kidogo. "Nakupa dakika mbili, kwa sababu amekuwa akikuita. Baba yake akikukuta hapa sitakutetea."

Vivian alikuwa macho, uso umepauka.

"Ticha," akanong'ona, akijaribu kutabasamu. "Manze, niliharibu?"

"Hukuharibu kitu. Niambie tu. Ulisikia gurudumu likitoka?"

"Gurudumu? La. Magurudumu yalikuwa poa, yanashika lami vizuri. Ni mguu. Mguu uligeuka ndani ya kiatu."

Ndinda akasogea karibu.

"Uligeuka vipi?"

"Asubuhi nilipovaa kilikuwa kimenibana sawasawa, si kama wiki ile. Nikajua umekitengeneza. Halafu pale kwa mteremko kuna kitu kigumu kikateleza chini ya kisigino, fyu, kikaenda mbele. Kiatu kikawa kikubwa ghafla. Nikajaribu kuweka ile breki ya mbele chini, mguu ukakataa. Nikachomoka, na kamba bado zimefungwa." Machozi yakaanza kumtoka. "Uliweka nini, Ticha?"

Ndinda hakuwa ameweka kitu. Na ndipo, wasomaji wangu, aliposhikwa na baridi katika wadi ile yenye joto, kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kila tatizo hulitibu kwa kitu kigumu.

*

Niruhusuni niwarudishe nyuma kidogo tu, nisilaumiwe baadaye.

Viatu vile Ndinda alinunuliwa na babake miaka minne iliyopita, kutoka kwenye rundo la mitumba Gikomba. Msichana alikuwa anavaa namba tano. Babake akanunua nane. Kwani mzazi gani wa Kaloleni amewahi kununua kiatu kinachomtosha mtoto? Cha shule hununuliwa kikubwa ili mtoto akue nacho, na mzee aliona hiki nacho ni kiatu kama kile. Ndinda akajifunza kuteleza akiwa amejaza magazeti kwenye ncha. Huenda hadithi zangu za zamani zilikanyagwa na vidole vyake. Alianguka mara ngapi, kifundo kikamvimba mara ngapi, hakumwambia mtu. Mwishowe miguu ikafika namba saba, akaongeza soksi, na mzee akatamba: "Si nilikwambia utakua navyo?"

Sasa twende Ijumaa jioni, kwenye kibanda cha Ndolo.

"Yale magurudumu magumu nimetoa," Ndolo alimwambia. "Hayo ni ya sakafu ya hall. Kwa lami yanateleza, na kajiwe kadogo tu kanakuangusha. Nimekuwekea laini. Breki ya mbele nimekata kwa tairi ya lori, haiishi leo wala kesho. Lakini hiki kiatu, Ndinda, usimvalishe yule mtoto. Ni nane. Yeye ni tano."

"Atavaa soksi tatu. Mimi nilijifunza hivyo."

"Na ukaumia hivyo. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, hakuna breki itamsaidia. Mngoje apate vyake."

"We Ndolo unaogopa kila kitu," Ndinda akacheka.

Alicheka! Sasa, akitembea kurudi Kaloleni, kicheko kile kilimrudia mpaka akatamani kuziba masikio. Ndolo alikuwa amefungiwa kituoni, na neno moja tu lingemtoa: "Nilimkataza Ndinda." Lakini Ndinda alimjua. Neno hilo asingelisema.

*

Mzee Mulwa ni mchonga vinyago. Karakana yake ni ua mdogo nyuma ya nyumba, umejaa vumbi la mbao na twiga wasiokuwa na masikio bado. Ndinda alimkuta amekaa kwenye kigoda chake, tezo miguuni, hafanyi kazi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona babake amekaa bila kufanya kazi mchana.

"Baba."

"Mama," mzee akajibu. Humwita hivyo kwa sababu Ndinda amerithi jina la bibi yake, mama wa mzee. "Mtoto wa watu ana hali gani?"

"Amevunjika. Hawajui kama atatembea vizuri." Akapiga magoti mbele yake. "Baba, kiatu kiko wapi?"

"Kiatu gani?"

"Baba!"

Mzee akatazama pembeni. Macho yake yalielekea kwenye kikapu cha vifaa, na Ndinda akakifikia kwanza. Chini ya misasa na patasi kulikuwa na kiatu cha kushoto, kamba zimefungwa fundo la kipepeo, kama alivyozifunga yeye mwenyewe asubuhi.

Akakigeuza. Gurudumu la nje la mbele halikuwapo, ila kipande chake kilibaki kwenye ekseli, na mbele ya kipande hicho, nati. Akaijaribu kwa vidole. Haikutikisika. Ndolo alisema kweli!

"Ndolo hana kosa!" Ndinda alisimama kwa furaha. "Baba, hana kosa!" Kisha akaingiza mkono ndani ya kiatu, na furaha ikamwisha. Kisiginoni vidole vilitoka na rangi ya kahawia, na harufu ya rangi ya viatu ikamjia puani. Babake hupaka rangi ya viatu kwenye kila kinyago baada ya kukisugua kwa msasa, kisha hukipiga kitambaa mpaka kinang'aa.

"Ulichonga nini, Baba?"

Mzee Mulwa akatia mkono mfukoni mwa aproni na kutoa kibao cha mjakaranda, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Kilikuwa kimechongwa kwa umbo la kisigino, chini bapa, juu kimechimbwa kidogo. Kilikuwa kizuri. Kiling'aa kuliko twiga wote uani.

"Jana ulisema mtoto anaogelea ndani ya kiatu," akasema taratibu. "Nikaamka alfajiri. Nikasema nisimwachie mtoto wa watu ubao wenye makovu, utamchubua. Nikausugua. Nikapaka rangi. Nikaupiga kitambaa, nikautia kwenye kiatu cha kushoto ukiwa bado umelala; cha kulia sikuwahi." Akakigeuza kibao mkononi. "Nilikwenda Donholm kimya kimya nione kazi yangu. Nikaona. Watu walipokimbilia mtoto, mimi nikakimbilia kiatu."

"Na ukamwacha Ndolo ashikwe."

"Ningefanya nini? Nilikuwa peke yangu."

"Ukamwacha, Baba. Ulisimama pale ukamwacha!"

Sauti ya mzee ikavunjika. "Nikifungwa mimi, wadogo zako Koki na Mwanzia watalelewa na nani? Mama yenu hayupo. Ndolo ni kijana. Fundi huachiliwa, wanajua nati husahaulika. Lakini mzee aliyeweka ubao laini ndani ya kiatu cha mtoto, nitawaambia nini? Kwamba nilipaka rangi ili apendeze?"

Ndinda alimwonea huruma, na alimkasirikia vilevile, yote kwa pamoja.

"Nipe hicho kibao, Baba. Twende sote kituoni. Mimi nitasema yangu, wewe useme yako."

"Kibao hiki kinatiwa moto jikoni sasa hivi."

"Baba..."

"Hodi!"

Ndinda alikivuta kiatu chini ya leso aliyojifunga. Kibao kikatoweka mfukoni mwa aproni. Mlango wa ua ukasukumwa, akaingia konstebo mmoja mrefu, na nyuma yake Bwana Wasike. Povu lilikuwa limekauka shavuni, hakuna aliyemkumbusha kunawa.

"Mzee Mulwa?" konstebo akauliza. "Mama mmoja wa ndizi anasema alikuona ukiondoka Donholm na kitu kikapuni. Tunatafuta kiatu."

"Kiatu sikijui," Mzee Mulwa akajibu.

Ndinda alimtazama babake. Alisema vizuri kabisa, bila kutetemeka.

"Tuangalie humu?" konstebo akamuuliza Wasike.

"Haina maana tena," Wasike akasema kwa uchovu. "Yule kijana amekubali. Ameandika mwenyewe kwamba hakukaza nati. Jumatatu anapelekwa kortini. Nilitaka kiatu tu nikiweke mbele ya hakimu."

Ndinda alikibana kiatu zaidi chini ya leso. Amekubali! Ndolo, asiyeweza kusema uongo hata wa kujiokoa mbele ya umati, ameandika uongo na kutia sahihi, ili mtu asiulize nani alimvalisha Vivian.

Na hapo hapo akasikia kitu kingine. Nyuma yake, babake alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Ndinda hakuwahi kumwonea haya babake hata siku moja, wala siku zile alipovaa viatu vya kujaza magazeti. Sasa alimwonea haya.

"Afande, subiri."

Akatoa kiatu chini ya leso.

"Nati hii hapa. Ijaribu."

Konstebo akaipinda kwa vidole, akakunja uso, akaipinda tena. "Hii imekazwa, Bwana Wasike. Gurudumu limepasuka. Halikufunguka."

Wasike alikichukua kiatu kwa mikono miwili. Alikigeuza, akakisogeza karibu na macho, akasoma namba iliyochapwa kwenye soli. Rangi ikambadilika usoni.

"Nane," akasema. "Vivian anavaa tano. Mimi ndiye humnunulia viatu, najua. Nani alimvalisha mwanangu namba nane akamshusha mlima?"

"Mimi."

"Ulijua ni kikubwa?"

"Nilijua. Ndolo alinikataza jana. Nikamcheka."

Wasike alikuwa analia, na hakujificha.

"Nilikuwa nakuamini," akamwambia. "Mama yake alikataa huu mchezo, mimi ndiye niliyesema mwacheni mtoto, Ndinda ni msichana mwangalifu." Akajipangusa kwa mkono, povu kavu likadondoka. "Lakini Vivian ameniambia kwamba asubuhi kilimbana vizuri. Anasema kuna kitu kigumu kiliteleza. Uliweka nini ndani ya kiatu?"

Ndinda hakugeuka kumtazama babake. Alimngoja. Alihesabu moyoni mpaka tatu, akaendelea mpaka kumi. Nyuma yake hakukutoka neno.

"Uliweka nini, msichana?" konstebo akarudia.

"Niliweka karatasi," Ndinda akasema. "Niliikunja ikawa ngumu. Ni mimi peke yangu."

Naam. Ndolo alidanganya kwa ajili yake, naye sasa anadanganya kwa ajili ya mtu aliyesimama hatua mbili nyuma yake.

"Basi twende," konstebo akasema. "Huko utaandika yako, na yule kijana tutaona."

Ndinda alifungua leso, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda cha babake. "Koki hajala," akamwambia bila kuinua macho. "Kuna maharagwe."

Wakatoka, konstebo mbele, Ndinda katikati, Wasike nyuma amekumbatia kiatu. Majirani walikuwa wameshaanza kujitokeza milangoni. Mzee Mulwa aliwafuata mpaka kwenye kizingiti cha ua, akasimama hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa aproni, na kidole gumba kilipapasa kile kibao, pale juu alipokichimba ili kisigino cha mtoto kikae vizuri.

Walipita hall ya mtaa. Wakafika kwenye bomba la maji, pale njia inapokata kuelekea Jogoo Road. Ndinda aligeuka mara moja tu akatazama nyuma.

Mkono wa babake ulikuwa bado mfukoni.